Makochi ya Kulipia Talaka

"Laki nane," alisema wakili, "na hapo nimekuonea huruma."

Fundi Kipimo alitazama dari, kisha akatazama viatu vyake, kama mtu aliyeweka laki nane mahali akasahau ni wapi. Dari lilikuwa na doa la maji. Viatu vilikuwa na vumbi la mbao. Laki nane haikuonekana.

Wakili mwenyewe watu walimwita Wakili Tai, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila tai, hata siku anayokwenda kununua mkaa. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja na nusu juu ya duka la vifaa vya umeme. Ile nusu ndipo wateja walipongojea zamu, juu ya viti vya plastiki, kimoja mguu wake umefungwa waya.

"Nilipe kidogo kidogo, mheshimiwa," alisema Fundi.

"Kidogo kidogo ndiyo ngapi?"

Fundi akataja. Wakili akaandika kwenye karatasi, akagawanya, akalitazama jibu, akacheka mpaka tai ikacheza.

"Mzee wangu, kwa mwendo huo utamaliza kunilipa ukiwa umeshaoa tena na kuachwa tena. Na hiyo talaka ya pili nayo utakuja kuniomba kidogo kidogo." Alijifuta macho, halafu akamwangalia Fundi vizuri. "Hebu ngoja. Wewe si yule fundi wa makochi, pale nyuma ya kituo cha mafuta?"

"Ndiye mimi."

"Shemeji yangu ana seti yako. Mwaka wa tisa huu. Mtu akikaa pale hataki kuondoka, mpaka wanamzimia taa."

Kifua cha Fundi kilipanda. Hakikuwa kimepanda tangu aingie mle ndani.

"Unaona wateja wangu wanavyokaa?" Wakili alionyesha kwa kalamu. "Mtu anakuja na shida moja, kiti kinamfinya, anakuwa na shida mbili. Nitengenezee seti kamili. La watu watatu, la wawili, na mawili ya mmoja mmoja. Na mito yake, kitambaa kizito, rangi ya kahawia. Tumalizane."

"Imekwisha hiyo," alisema Fundi, akatoa mkono haraka, kabla mwenzake hajabadili mawazo.

"Sasa nisikilize. Mkeo anataka talaka, na anadai nusu ya karakana. Talaka hatutaizuia. Karakana tutaizuia. Hakimu atauliza jambo moja tu: huyu mama alichangia nini katika hiyo kazi? Nawe utajibuje?"

"Kwamba alikuwa ananisaidia tu."

"Hivyo hivyo. Usiongeze, usipunguze. Ukilisema hilo bila kutetemeka, karakana inabaki yako, yote."

Fundi alilisema mara mbili pale pale, kwa mazoezi. Halikumtetemesha hata kidogo. Alikuwa na uzoefu nalo, maana maneno hayo hayo ndiyo yaliyoleta talaka.

Miezi mitatu nyuma, mteja mmoja mwenye gari alikuja kuchukua makochi yake. Akabonyeza mto, akabonyeza tena, akauliza, "Mito hii kashona nani?" Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mito, aliinuka kwenye cherehani, akapangusa mikono, akawa anangoja kutajwa. Fundi hakugeuza hata shingo. "Huyo hapo. Ananisaidia tu." Walikuwa na miaka ishirini na miwili pamoja. Mama Mito alikaa, akamaliza mshono aliokuwa ameuanza, akakata uzi kwa meno, akaifunika cherehani kwa kitambaa. Tangu siku hiyo hakuifunua tena kwa ajili ya mumewe. Wiki iliyofuata akatafuta wakili.

Basi Fundi alishuka ngazi za Wakili Tai akipiga mluzi. Katika ngazi ya nne mluzi ukakatika. Akasimama, akashika ukuta.

Mito!

*

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili mbele, na karakana nyuma, chini ya bati. Katikati palikuwa na ua wa hatua kumi. Mama Mito alilala ndani. Fundi alilala karakanani, juu ya kochi la mteja lililokuwa likingoja vanishi, amejikunja kama koma. Hawakusemeshana. Maneno yao yalibebwa na binti yao, muuzaji wa duka la dawa, aliyekuja kila siku saa ya chakula cha mchana na kuuvuka ule ua mara sita au saba kabla ya kurudi kazini.

"Baba, mama anasema uiondoe baiskeli yako kibarazani."

"Mwambie baiskeli haijaombewa talaka."

Binti akaenda, akarudi. "Anasema usipoiondoa ataiombea."

Fundi akaiondoa.

"Halafu, mwanangu," alisema kwa sauti ya mtu asiye na haja kubwa, huku akipiga msasa ubao ambao tayari ulikuwa laini, "mwulize mama yako kama ana nafasi ya mito ya seti moja. Kazi ya mteja. Atalipwa."

"Mteja gani?"

"Mteja tu. Mtu wa ofisi."

"Ni wakili wako, baba?"

Fundi alipuliza vumbi la msasa. Binti aliona kwamba ndiye. Akavuka ua. Alikaa huko muda mrefu kuliko kawaida, na Fundi akasikia kicheko, si cha binti. Aliporudi alikuwa ameuma mdomo.

"Mama anasema hapana. Anasema hajawahi kusikia mtu akiombwa anoe kisu cha kuchinjiwa. Na anasema yeye mwenyewe ana kazi. Wakili wake naye ametaka seti."

"Seti ya nini?"

"Ya makochi."

Fundi aliweka msasa chini. Furaha ilimpanda taratibu, kama mtu aliyesikia kwamba hata jirani yake amekatiwa maji.

"Makochi! Na mbao atatoa wapi? Au atamkalisha wakili juu ya mito mitupu, kama mgonjwa?"

"Nilijua utasema hivyo. Naye alijua. Ameniambia nikwambie kwamba mafundi mbao wako wengi mjini. Na anauliza, wewe mito utatoa wapi?"

"Mwambie washona mito nao wako wengi."

"Baba, nina dakika nane tu za kula."

"Basi mwambie kwa kifupi."

*

Fundi alizichonga fremu za Wakili Tai kwa siku tisa, na hakuna aliyeweza kusema alilipua kazi. Mbao zilikuwa kavu, viungo vimekamatana, kona zimezungushwa mpaka mtoto angeweza kuanguka juu yake asipate jeraha. Alipima kila kipande kwa futi yake ya utepe wa chuma, akisema neno lililompa jina mtaani: "Kipimo hakidanganyi."

Futi hiyo ilikuwa ya marehemu mwalimu wake wa useremala. Miaka kumi na moja iliyopita mkokoteni wa mawe ulipita juu ya ncha yake ukaipondaponda. Watu walimshauri anunue nyingine. Fundi akasema futi si mkate, haiharibiki kwa kumegwa. Akachukua koleo, akakata pale penye inchi ya pili, akaiviringisha, akasema, "Zile mbili nitakuwa naongeza kichwani." Na mwanzoni kweli alikuwa anaongeza.

Vitanda alikuwa ameacha kutengeneza muda mrefu uliopita. Alisema magodoro ya siku hizi hayaingii, viwanda vimeharibika, vinatoa magodoro makubwa makubwa ovyo.

Kwa upande wa mito alikwenda kwa Bwana Sponji, mwenye duka upande wa pili wa barabara, mtu wa maneno mengi na mkasi mkali. Fundi alimwandikia vipimo kwenye karatasi: la watu watatu inchi sabini na mbili, la mmoja ishirini na nne, kina ishirini na nne. Bwana Sponji alikata, akashona, akatia zipu, na siku ya siku wakapandisha kila kitu kwa ngazi hadi ofisini, fremu kwanza, mito baadaye, wakitokwa jasho mbele ya wateja watatu walioondolewa kwenye viti vya plastiki wakaegemea ukuta.

Mito haikuingia.

Bwana Sponji alisukuma kwa mikono. Akasukuma kwa goti. "Ingia wewe, ingia, usinitie aibu." Akaupata mto wa kwanza, akaupata wa pili, na alipoutia wa tatu, wa kwanza ukatoka. Mwisho aliishindilia yote mitatu ikakaa imevimba katikati kama mashavu ya mtu aliyenuna, na mbele imechungulia nje ya ubao.

"Inahitaji kukaliwa tu," alisema Fundi. "Ikikaliwa inatulia."

Wakili Tai akavuta suruali magotini, akakaa kwenye kochi la mtu mmoja, taratibu, kwa heshima zote. Mto ukambeba, ukafikiri, ukamtema. Alijikuta sakafuni, miguu imenyooka, tai imelala begani. Mteja mmoja, mama wa makamo, alijificha uso kwa mtandio wake, mabega yakawa yanacheza.

"Wewe Sponji umekata vibaya!" Fundi alifoka.

"Mimi? Umeniandikia ishirini na nne, nimekata ishirini na nne. Karatasi hii hapa. Mwandiko wako huu, unaonekana kama kuku kapita na matope."

"Kipimo hakidanganyi."

"Basi tupime."

Fundi akatoa futi yake, akaitandaza ndani ya kochi. Ishirini na nne. Akawatazama watu wote mmoja mmoja. Bwana Sponji akatoa yake, akaitandaza hapo hapo. Ishirini na mbili. Wakaziweka sambamba. Wateja wote wakainama. Hata wakili, akiwa bado chini, alisogea kwa makalio aone.

"Baba," alisema yule mama wa mtandio, kwa upole, "futi yako haina moja wala mbili."

"Najua," alisema Fundi. "Huwa naongeza. Kichwani."

"Na hapa uliongeza?"

Fundi akaitandaza futi yake upya.

"Mimi ninashangaa jambo moja tu," alisema Bwana Sponji, akikunja futi yake kwa mlio. "Makochi yako yamejaa mji mzima na yametulia. Miaka yote hii mito ilikuwa inaingiaje?"

Swali lile lilining'inia mle ndani. Fundi alifungua mdomo, na jibu likamfika kabla hajalitoa, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Wakili Tai aliinuka, akajipangusa, akaweka tai mahali pake. Hakuwa wakili mkubwa, lakini hakuwa mjinga.

"Swali zuri," alisema. "Usilijibu. Na zaidi ya yote, Fundi, usilijibu mbele ya hakimu."

*

Jioni ile Fundi alivuka zile hatua kumi mwenyewe. Alifika mlangoni kwake, akashika komeo, akaliachia, akabisha hodi. Miaka ishirini na miwili, na hakuwa anajua mlango ule unalia vipi ukigongwa na mgeni.

"Karibu, Fundi," alisema Mama Mito.

Siku zote alimwita baba watoto. Neno Fundi lilikuwa la wateja. Lilimchoma Fundi kuliko karatasi yoyote ya mahakama.

Mama Mito alikuwa anashona pindo la sketi ya binti yao, na binti mwenyewe amekaa pembeni, amejifunga shuka, akingoja sketi.

"Ulikuwa unapunguza," alisema Fundi, bado amesimama.

"Nini?"

"Inchi mbili. Kwenye mito."

"Tangu mwaka ule wa mkokoteni." Sindano haikusimama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Kochi la kwanza kabisa. Ukanijibu kwamba mshona mito hamfundishi fundi mbao, ukanuna siku tatu, hukula. Nikakaa nikafikiri. Sponji naweza kuipunguza kwa mkasi. Kiburi chako nitakipunguza kwa nini? Nikachukua mkasi."

Fundi alikaa sasa, bila kukaribishwa.

"Na vitanda?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Vitanda navyo."

"Kwa hiyo viwanda vya magodoro..."

"Viwanda vya magodoro ni vizima, Fundi. Vilikuwa vizima siku zote."

Binti alicheka ndani ya shuka. "Mwambie na ya kwako, mama."

"Nyamaza, ushonewe."

"Alimpa kazi fundi mwingine," binti aliendelea, maana alikuwa amebeba maneno ya watu wawili kwa miezi mitatu na alijihisi ana haki ya yake machache. "Fremu zikaja safi. Mama akakata mito, akaazima cherehani akaishona. Wakili wake akakaa, simu yake ikateleza ikaingia pembeni ya mto, ikapotea. Ikabidi tumpigie. Kochi likawa linalia."

"Mkono umezoea," alisema Mama Mito, na kwa mara ya kwanza aliangalia pembeni. "Yule bwana alipima sawasawa, mimi nikapunguza mbili bila kufikiri. Kwenye fremu ya mtu mwingine yeyote linabaki pengo."

"Kwa hiyo na wewe umeharibika," alisema Fundi, karibu atabasamu.

"Umeniharibu wewe."

Nje, mtu alikuwa anafunga duka, bati linakwaruza.

"Wakili wako amekupa muda gani?" aliuliza Mama Mito.

"Wiki mbili. Zikipita nitafute laki nane au nitafute wakili mwingine."

"Wangu amenipa siku kumi." Alikata uzi kwa meno. "Sikiliza. Wewe utanichongea fremu za wakili wangu. Mimi nitakukatia mito ya wakili wako. Kila mtu amlipe mtu wake, halafu tukaachane kama watu wazima."

"Yaani mnashirikiana ili mpate kugombana," alisema binti.

"Vaa sketi yako uende kwako," wazazi wakasema kwa pamoja, kisha wakakasirika kwamba wamesema kwa pamoja.

*

Walifanya kazi siku tisa, Fundi kwa futi ile ile, Mama Mito kwa kupunguza mbili zile zile. Kitambaa kiliondolewa juu ya cherehani, kikapigwa kwenye nguzo vumbi likatoka. Mwanzo walisema yale ya lazima tu: nipe zipu, shika huku, sogeza taa. Siku ya nne Mama Mito alimkemea kwa kuacha gundi wazi, Fundi akamkemea kwa kumkemea, na wote wawili wakafanya kazi vizuri zaidi baada ya hapo.

Siku ya mwisho, seti mbili zikiwa zimepangwa uani, kahawia upande huu na kijani upande ule, Fundi alikaa kwenye la kijani. Mto ulimpokea ukatulia. Alipitisha kidole pembeni. Hakikuingia.

"Hii kazi ni nzuri," alisema.

"Ni nzuri."

"Sasa hiyo talaka..."

"Talaka iko pale pale." Mama Mito aliketi kwenye la kahawia, mbali kidogo. "Nisikilize, Fundi, nikwambie mara moja. Nilikuwa najua aibu yako miaka kumi na moja. Sikumwambia mteja, sikumwambia jirani, sikumwambia hata mama yangu. Wewe siku moja tu uliulizwa jina langu mbele ya mtu, ukashindwa kulitoa."

Fundi aliinuka, akaanza kupangusa vumbi lisilokuwapo. Alipangusa hadi makochi yakaja kuchukuliwa.

*

Hakimu alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na chumba chake kilikuwa na benchi moja lililopinda, ambalo Fundi alilikagua kwa jicho baya kabla ya kulikalia. Wakili Tai alikaa kulia. Wakili wa Mama Mito, mwanamama mfupi mwenye miwani, alikaa kushoto, na simu yake ameishika mkononi muda wote. Mawakili wote wawili walionekana watu waliopumzika vizuri.

Walizungumza juu ya nyumba, na hiyo Fundi alishaiachia. Wakafika kwenye karakana.

"Bwana Fundi," alisema hakimu, "mwenzako anadai nusu. Katika kazi ile, yeye alichangia nini?"

Wakili Tai alimtupia jicho: usiongeze, usipunguze. Fundi akasimama, akashika ukingo wa meza. Alijua kabisa kilichokuwa mezani. Mashine ya kuchana mbao aliyoilipia miaka sita. Mbao kavu za mwaka mzima. Kila kitu alichokuwa nacho duniani kilikuwa chini ya lile bati, na neno moja dogo lilitosha kukibakiza.

"Alikuwa ananisaidia," alisema.

Likabaki lile "tu". Lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Akamwangalia Mama Mito. Mama Mito hakuwa anamwangalia. Alikuwa anaangalia mkoba wake, na vidole vyake, vyenye alama za sindano, vilikuwa vinafungua zipu na kuifunga, kama mtu anayengoja kuumizwa mahali anapopafahamu.

Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa futi.

"Mheshimiwa, hii ndiyo futi yangu. Haina moja wala mbili."

"Fundi," alisema Wakili Tai, taratibu.

"Kila nilichopima kwa miaka kumi na moja kimetoka pungufu. Sikujua. Sikutaka kujua. Huyu mama alikuwa anajua, akawa anakata mito kwa kadiri ya makosa yangu, kochi baada ya kochi, na watu wakawa wananisifu mimi. Mimi nilikuwa natoa makosa, mheshimiwa. Makochi alikuwa anayatoa yeye."

Hakimu aliomba aione ile futi. Akaitandaza juu ya meza yake, akasoma, akalinganisha na rula ya karani, akasoma tena. Karani aligeukia dirishani akakohoa kikohozi kisicho cha kifua. Wakili Tai alikuwa ameishika tai yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi ambaye ameshakwenda zake.

Karakana ikagawanywa nusu kwa nusu. Kisha hakimu akamgeukia Mama Mito, akamuuliza kwa ile sauti ndogo kama, baada ya kusikia hayo, bado anaitaka talaka.

Fundi akainama mbele, asikose jibu.

"Nimesikia, mheshimiwa, na nimeshukuru," alisema Mama Mito. "Bado ninaitaka."

Kwa siri, hata yeye mwenyewe bila kujiambia, Fundi alikuwa amedhani akisema kweli atarudishiwa mke. Alirudishiwa nusu ya karakana yake.

Nje, Wakili Tai alimkuta amekaa ukutani.

"Umeniharibia kesi niliyokuwa nimeishinda."

"Makochi si umepata?"

"Nimepata," alisema wakili kwa uchungu. "Na ni mazuri. Wateja hawataki kuondoka."

*

Jumatatu Fundi alitoka kwenye chumba alichopanga mtaa wa pili, akafika karakanani saa mbili kasoro. Mlango ulikuwa wazi. Mama Mito alishafika, mkoba umetundikwa kwenye msumari, cherehani imefunuliwa.

"Umechelewa," alisema.

"Saa mbili haijafika."

"Mwenye nusu anafika mapema."

Kazi ya kwanza ya ushirika wao ilikuwa kochi la watu watatu, la mtu ambaye angelifuata saa kumi. Fundi alishaiunda fremu tangu Ijumaa. Mama Mito alimaliza mito, akaibeba yote mitatu kwa mkupuo, kidevu kimekaa juu, akaipanga ndani ya kochi. Akasimama. Akaingiza mkono pembeni ya mto. Mkono ukaingia wote hadi kwenye kifundo.

"Umefanya nini hapa?"

"Nimepima sawasawa," alisema Fundi, na hakuweza kuificha fahari. Akatoa mfukoni futi mpya, ya njano, inang'aa. Ile ya marehemu mwalimu ilikuwa imetundikwa ukutani. "Inaanzia moja."

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

"Na hukuniambia?"

"Nilitaka ujionee mwenyewe."

"Haya, nimejionea. Sponji nzima ya watu imekwenda na maji."

"Hiyo hasara si yangu. Aliyepunguza ni wewe."

"Hasara ni nusu kwa nusu. Hukumsikia hakimu?"

Mama Mito aliing'oa mito, akaitupa chini, akamsogelea, akachomoa penseli iliyokuwa juu ya sikio lake bila kuomba, kama alivyokuwa akiichomoa miaka yote.

"Miaka kumi na moja nimekufuata ulivyopinda," alisema. "Siku ukiamua kunyooka, unipe taarifa. Leta hiyo futi."

Fundi akaileta.

"Shika ncha huko. Kaza. Usitikise."

Akashika. Mama Mito akainama, akasoma, akaandika kwenye ubao kwa penseli. Naye Fundi Kipimo, amepiga goti upande wa pili wa kochi, kidole kimekandamiza inchi ya kwanza, alitulia akingoja aambiwe ni ngapi.